“Ni mabomba tu”: mwanangu halali tangu aangalie ile filamu ya mzuka

“Daktari, habari za kazi. Tunaishi Leicester, asili yetu Zanzibar. Mwanangu ana miaka 10. Wiki tatu zilizopita tulikwenda London kwa wifi yangu, na binamu yake wa miaka 17 akamwonyesha filamu ya zamani ya BBC inayoitwa Ghostwatch. Akamwambia ni kipindi cha kweli, kilirushwa mubashara, na mtangazaji alipotea ndani ya nyumba. Wifi yangu anakaa karibu na Northolt, na ndiko nyumba ya kwenye filamu ilipo. Tangu siku hiyo mtoto halali peke yake, hapandi ghorofani bila mimi, na hita ikigonga usiku anapiga kelele. Kwa usiku mmoja ananiuliza hata mara ishirini kama Pipes, yule mzuka wa kwenye filamu, yupo. Nikimwambia ni mabomba tu, ndiyo kwanza analia zaidi. Nimesoma mtandaoni kwamba filamu ilipigwa marufuku, watoto waliugua, na kijana mmoja alijiua. Wifi anasema mtoto kaingiliwa, aitwe mtu amsomee. Baba yake anasema ni deko. Nifanye nini? Na kwani ile ilikuwa kweli?”

Dada yangu, pole kwa usiku wote huo. Nianzie mwisho wa barua yako, maana nahisi swali la mwisho ndilo lililokushikisha kalamu. Haikuwa kweli. Ghostwatch ni tamthilia. Iliandikwa na Stephen Volk, ikaongozwa na Lesley Manning, ikarekodiwa wiki kadhaa kabla ya kuonyeshwa, na BBC1 wakaitoa Jumamosi tarehe 31 Oktoba 1992, saa 3:25 usiku. Yule mama mwenye nyumba, Pamela Early, ni mwigizaji kutoka Ireland, jina lake Brid Brennan, ambaye mwaka huohuo alipata tuzo ya Tony huko New York kwa kazi ya jukwaani. Mabinti wawili wa kwenye filamu ni ndugu kweli, lakini nao walikuwa wakiigiza. Sarah Greene, yule mtangazaji anayeingia kwenye kabati la chini ya ngazi mlango ukajifunga, hakupotea popote. Siku chache baadaye alijitokeza kwenye televisheni ya watoto ili wamwone kwamba ni mzima. Hiyo familia ya Early haikuwahi kuishi Northolt wala kwingine.

Lakini usimcheke mwanao kwa kuamini, na mzee wa nyumba naye asimcheke. Usiku ule waliangalia watu wapatao milioni 11, na hata watu wazima wenye ndevu zao walidanganyika. Tazama walivyotegwa. Studioni alikaa Michael Parkinson, mtangazaji ambaye Waingereza walikuwa wamemzoea kwa miaka mingi kama mtu makini asiyependa upuuzi. Ndani ya nyumba walimpeleka Sarah Greene, ambaye watoto walimjua kutoka vipindi vyao. Kwenye simu akakaa Mike Smith, mumewe wa kweli. Kila mmoja alitumia jina lake mwenyewe. Hata namba ya simu iliyowekwa kwenye skrini, 081 811 8181, ilikuwa namba halisi ya vipindi vya BBC. Aliyefanikiwa kupiga ikapokelewa alisikia ujumbe kwamba anachokitazama ni hadithi, ila simu zilikuwa nyingi mno, na wengi wakakuta laini imeshikwa. Sasa fikiria uko sebuleni unatetemeka, unapiga simu upate uhakika, na simu haiingii. Si utaamini mambo yameharibika huko?

Dalili kwamba ni tamthilia zilikuwepo. Jina la mwandishi lilionekana mwanzoni, na orodha ya waigizaji ilichapishwa kwenye jarida la ratiba za vipindi. Ila nani hukaa mbele ya televisheni na jarida mkononi? Na mwanao hakupewa hata nafasi hiyo. Alipewa binamu wa miaka 17 anayemwapia kwamba ni kweli. Huyo kijana ana deni, na nitamrudia.

Kuhusu ulichosoma mtandaoni, mambo yamechanganywa. Filamu haijawahi kupigwa marufuku na sheria yoyote. BBC hawakuirudia tena kwenye televisheni ya Uingereza, hilo ni kweli, lakini mwaka 2002 ilitolewa rasmi na taasisi ya filamu ya Uingereza, na yeyote angeweza kuinunua. Yule kijana ni kweli alikuwepo. Alikuwa na miaka 18, mwenye ulemavu wa kujifunza, na familia yake iliamini kipindi kilimwathiri. Walipigania malalamiko yao hadi yakasikilizwa, na mwaka 1995 chombo kilichosimamia viwango vya utangazaji kikasema BBC walipaswa kufanya zaidi ya kudokeza tu kwamba wanawachezea watazamaji. Mimi siwezi, na hakuna mtaalamu mwaminifu anayeweza, kukuambia kwamba filamu moja huua mtu. Kujiua kwa kawaida hakuna sababu moja. Kwa kuwa jambo hilo linakukosesha usingizi wewe, chini nitaeleza ni dalili zipi zingenitia wasiwasi, nawe utaona kama mwanao anazo.

Habari ya watoto kuugua nayo ni kweli, na ina faida kwako kuijua vizuri. Mwaka 1994 madaktari wawili wa Coventry, mwendo mfupi tu kutoka kwako, waliandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ kuhusu wavulana wawili walioshtuliwa na kipindi hiki. Wote walikuwa na miaka 10, kama wako. Mmoja wao aliogopa giza, akakataa kwenda ghorofani peke yake, akawa anaomba kuhakikishiwa kila mara, na mwishowe akahitaji kulazwa. Umeona kufanana? Usishtuke bado. Baada ya makala hiyo madaktari wengine waliandika juu ya watoto ambao hofu yao ilipita haraka, na huko ndiko wengi wanakoelekea. Wataalamu wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2013, hawahesabu tena kitu kilichoonekana kwenye televisheni kama chanzo cha ule ugonjwa wa akili unaofuata janga kubwa. Hofu yenyewe haijakanushwa na mtu. Mwaka 1999 watafiti wawili, Kristen Harrison na Joanne Cantor, waliwauliza wanafunzi wa chuo kuhusu hofu walizopata kwenye filamu au televisheni. Asilimia 90 walikumbuka tukio kama hilo, na karibu robo bado walikuwa na mabaki yake. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa nyumba kwamba mtoto hana deko, una pa kusimamia.

Sasa tuje kwenye mabomba, kwa sababu hapo ndipo wewe, bila kujua, umekuwa ukimwaga mafuta kwenye moto.

Unajua kwa nini mzuka wa filamu ile unaitwa Pipes? Watoto wa kwenye hadithi walisikia kitu kikigonga usiku, wakamuuliza mama yao, naye akawaambia yale yale unayosema wewe: ni mabomba tu. Basi wakampa jina hilo, Mabomba. Filamu nzima imejengwa juu ya sentensi hiyo. Mama anatuliza watoto kwa maneno ya kawaida, na maneno yale ya kawaida yanageuka kuwa jina la kile kinachotisha. Kisha anakuja Parkinson na utulivu wake, naye mwishoni anaonyeshwa amekosea. Katikati, binti mkubwa anashikwa akigonga mwenyewe, watu wazima wanapumua, “alaa, kumbe ni utoto,” halafu ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Mara tatu mtu mzima anasema “hakuna kitu”, na mara tatu kitu kinatokea. Mimi nimeiangalia kwa ajili ya kazi, mchana kweupe, na nakiri jioni ile niliwasha taa ya jikoni kabla sijaingia.

Mtoto wa miaka minne anaogopa kinachoonekana: meno, makucha, uso mbaya. Ukimkumbatia na kubadilisha chaneli, nusu ya kazi imekwisha. Mtoto wa miaka kumi amekwishajua kwamba majitu ya katuni hayapo. Anayoogopa ni yale yanayoweza kutokea kwake, nyumbani kwake, kwa mama yake. Kinga yake ni alama za ukweli: huyu ni mtangazaji wa habari, ile ni namba ya simu, yule ni mtu mzima anayejua. Filamu hii ilichukua alama zote hizo na kuzitumia kumdanganya. Ndiyo maana maneno yako hayamfikii. Yeye anakusikia kama yule mama wa kwenye filamu.

Kuna kitu cha pili, na naomba umchunguze. Je, siku hizi anakagua mapazia? Katika filamu, kuna picha ya chumba cha watoto inayorudiwa, na kuna umbo karibu na pazia linaloonekana mara moja na mara nyingine halionekani. Pipes amefichwa sehemu kadhaa kwa nukta chache, kwenye kivuli au katikati ya watu, na mashabiki hadi leo wanabishana idadi. Matokeo yake, anayeangalia anafundishwa kutafuta mtu kila penye giza. Na ubongo wetu, dada, ni hodari mno wa kuona uso pasipo na uso, tena zaidi ukiwa na hofu. Koti lililoning'inia linakuwa mtu. Mwanao anapokagua pazia na kuona liko tupu, anapata nafuu ya dakika mbili, kisha ubongo unasema, “Kwenye filamu pia lilikuwa tupu mara ya pili.” Ndipo anakuja kukuuliza. Ukimjibu anapata nafuu ya dakika mbili nyingine. Mara ishirini kwa usiku si ujeuri. Ndivyo hofu inavyolishwa, na mlishaji ni kule kuhakikishiwa kwenyewe.

Basi ufanye nini? Kwanza, acha kabisa ile sentensi ya mabomba. Badala yake mpe nafasi agundue mwenyewe. Jumamosi mchana, hita zikiwa zimezimwa na za baridi, mketishe karibu na ile inayogonga sana, mpe daftari na saa. Washeni. Aweke mkono kwenye bomba lile jembamba linaloingia chini, asikie linavyopata moto kidogo kidogo, na aandike kila linapogonga. Chuma kikipata joto kinatanuka, kinajisugua kwenye mbao na vishikizo vyake, kinalia. Kikipoa kinasinyaa, kinalia tena, ndiyo maana usiku hita zikizimika kelele zinarudi. Fanyeni siku mbili au tatu. Usimwambie “si nilikwambia”. Mwache yeye ndiye aje akueleze. Kauli yako ni ya mama wa kwenye filamu. Daftari ni lake.

Pili, mkae naye mchana muivunje filamu vipande. Simaanishi kuirudia yote, na asilazimishwe kuona hata dakika moja. Anza na majina: mwonyeshe jina la Stephen Volk, mwonyeshe Brid Brennan katika kazi nyingine akiwa mtu tofauti kabisa, mtafutie Craig Charles, mtangazaji mwingine wa kwenye filamu, kwenye redio ya BBC amsikie anacheka na kupiga muziki miaka mingi baada ya “usiku ule”. Watoto wa rika lake hupenda sana kujua mchezo ulivyochezwa. Ikiwa anapenda kuchora, amchore Pipes, kisha ambadilishe atakavyo, amvalishe kanzu ya kubana au amtoboe soksi. Ukiona anacheka, mwache acheke.

Hapa ndipo binamu analipa deni lake. Ampigie simu ya video, au bora aje, aseme kwa mdomo wake: “Nilikudanganya, nilijua ni filamu, samahani.” Neno hilo kutoka kwake litafanya kazi kuliko maelezo yangu yote haya. Kijana asitukanwe mbele ya mdogo wake. Alitaka kumtisha kidogo, hakujua kipimo.

Tatu, swali la usiku. Mkubaliane mchana, wakati wote mko watulivu: akiuliza kama Pipes yupo, utamjibu mara moja tu kila usiku. Mara ya pili utasema, “Hilo tulishalijibu. Najua unaogopa. Hofu itapanda, halafu itashuka, na mimi niko chumba cha pili.” Siku mbili za kwanza zitakuwa ngumu, nakuonya mapema. Atalia, nawe utajiona mkatili. Kaa karibu, mshike mkono, ila usirudi kwenye kukagua na kuapa.

Kuhusu kulala, wala usijilaumu kwa kumlaza nawe. Sisi tumekua tukilala watoto wanne kwenye chumba kimoja na bibi pembeni, na hakuna aliyetuona wagonjwa. Tatizo litakuja ikiwa kila siku anaongeza kujificha. Sogea taratibu: wiki hii godoro lako liko chumbani kwake, kisha unakaa mpaka asinzie, kisha unakaa mlangoni, kisha unapita kumchungulia kila baada ya dakika kumi. Ngazi nazo vivyo hivyo. Mchana apande peke yake akaimbe kwa sauti huko juu, kabla ya kudai apande usiku. Taa ndogo isiyokali iwepo, hakuna ubaya.

Sasa suala la wifi. Hapa natembea kwa uangalifu, kwa sababu najua mtoto anakwenda madrasa na anaweza kukubana: “Mama, si tumefundishwa majini yapo?” Ukimjibu hakuna kitu kama hicho, umejipinga mwenyewe, na mtoto wa miaka kumi anaona. Huhitaji kuingia kwenye mjadala huo usiku wa manane. Swali lililopo mezani ni dogo zaidi: je, filamu ile ilimrekodi jini? Jibu ni hapana, ilirekodi waigizaji. Imani yako inabaki salama, na Pipes anabaki hadithi ya Stephen Volk.

Kumsomea dua kabla ya kulala, Ayatul Kursiy na zile sura fupi anazozijua mwenyewe, mimi naunga mkono kwa mikono miwili, hasa akizisoma yeye kwa sauti yake. Inampa kitu cha kushika. Lakini akiitwa mtu, watu wakajaa sebuleni, mtoto akaambiwa ana kitu ndani yake, tutakuwa tumemthibitishia kwamba filamu ilisema kweli, na safari hii wasemaji ni watu anaowaheshimu kuliko Parkinson. Mwambie wifi kwa heshima: tusome wote kama familia, kisha chai, bila kumtaja mtoto kama aliyeingiliwa. Na mtu yeyote atakayetaka kumfukiza, kumchapa au kumbana pumzi ili “kitoke”, mlango uko pale. Huko ni kumdhuru mtoto, nchini Uingereza na kwetu pia.

Wiki tatu si muda mrefu kwa mshtuko wa aina hii. Ukifuata haya, ningetarajia uone nafuu ndani ya wiki mbili au tatu, hata kama ni kidogo: usingizi unaanza mapema, maswali yanapungua kutoka ishirini kuwa sita. Kama hakuna mabadiliko, au kama ameanza kukataa shule, anakojoa kitandani wakati alishaacha, hali chakula, anapata vipindi vya kutetemeka na kukosa pumzi, usingoje. Mpeleke kwa daktari wenu wa familia na uombe rufaa ya huduma ya afya ya akili ya watoto ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Foleni yake huwa ndefu, kwa hiyo zungumza pia na mwalimu anayeshughulikia ustawi wa wanafunzi shuleni. Shule nyingi zina mtu wa kukaa na mtoto wakati mnasubiri.

Na haya ni ya siku hiyohiyo: akijigonga kichwa au kujiumiza ili kutoa mawazo, akisema anataka kufa, au akisikia sauti ya Pipes ikimwamrisha jambo hata mchana akiwa macho. Piga 111 na uchague namba 2, hapo ni huduma ya dharura ya afya ya akili, na kama yuko hatarini sasa hivi, 999. Ikiwa pia kuna jambo zito lilitangulia filamu hii, msiba, ugomvi nyumbani, au mtu aliyemdhulumu, mwambie daktari, maana mara nyingine mzuka wa televisheni huwa ndilo jina pekee ambalo mtoto analo la kutaja.

Unapopanga miadi, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na ni haki yako hata kama Kiingereza chako cha dukani kinatosha. Usimwache mwanao akutafsirie habari zake mwenyewe. Na daftari la hita nendeni nalo.